Kupe wa Masaka

Mwandishi anayelipwa kwa ukurasa husahau upesi alichoandika, na hiyo ni mojawapo ya neema chache za kazi hii. Ndiyo maana nilichelewa kuitambua sentensi yangu iliposomwa kwa sauti mwezi uliopita, katika ukumbi mmoja wa mikutano hapa Kigali wenye viti vya plastiki vilivyovikwa vitambaa vyeupe kana kwamba kuna harusi. Wazazi walikuwa wameitwa kutoa maoni juu ya rasimu ya kanuni itakayozilazimisha kampuni za bima kulipia matibabu ya watoto wenye magonjwa adimu ya ubongo na akili. Mimi nilikuwa pale kwa sababu ndogo zaidi: nimepewa kazi ya kuiweka rasimu hiyo katika Kiswahili, nikaona niende nisikie watu wanavyoyaita magonjwa yenyewe kabla sijayapa majina ya kutunga. Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu, maana cha kwanza kilikuwa karibu mno na spika na cha pili kilikuwa na mguu mfupi. Mimi ni mtu wa kuhamahama hata ndani ya ukumbi. Akasimama fundi mmoja wa magari kutoka Gikondo, mikono imeoshwa lakini kucha zimekataa, akafungua barua ya kukataliwa aliyoandikiwa na kampuni yake ya bima kuhusu mtoto wake wa kiume wa miaka tisa. Akasoma polepole: "Bima hii haitagharamia hali yoyote ya mwendo au tabia inayomjia mtoto ghafla kufuatia maradhi ya koo, iwe imeelezwa kuwa ya neva, ya akili, au ya vyote viwili." Nikawaza, huyu aliyeandika anajua mahali pa kuweka mkato. Halafu nikatambua kwamba mikato ile ni yangu.

Nilikuwa napima umbali wa mlango niliposikia sauti nyuma yangu. "Ariko, lakini huyu si Bwana Kupe?" Kuna mtu mmoja tu duniani anayeniita hivyo. Mama Keza, muuza vitenge niliyemjua miaka mingi iliyopita kupitia maradhi ya binti yake, akavuta kiti chake mpaka kikagusana na changu, akanitazama kuanzia viatu kupanda juu kama anayekagua kitenge kabla ya kukinunua. Amenenepa, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi, na Kiswahili chake bado ni kile cha Bujumbura alikokulia. "Umezeeka vibaya," akasema. "Zamani ulikuwa mwembamba kama karamu ya kuandika." Nikamuuliza habari za Keza. Akasema Keza ni mtu mzima, anafanya kazi uwanja wa ndege Kanombe, anavaa viatu virefu na hasikii la mtu. Kisha akachukua biskuti yangu bila kuomba, akaelekeza kidevu kwa yule fundi aliyekuwa bado amesimama na barua yake. "Umesikia hayo maneno? Mwenye kuandika vile, mama yake alimunyonyesha nini?" Nikasema sijui. Nikahamia kiti cha nne, nikidai jua linanipiga machoni, ingawa madirisha yote yalikuwa upande mwingine.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina shahada isiyo na matumizi ya wazi, na nimeajiriwa na kampuni ya bima ambayo haipo tena kwa jina lile, kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja katikati ya mji. Ilikuwa miaka ambayo ofisi zilikuwa zinahama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, kwa haraka, kama familia inayohama nyumba mvua ikinyesha. Wakubwa wetu walikuwa wamekulia Uganda, wanasoma Kiingereza. Madaktari wengi waliokuwa wakituandikia ripoti walikuwa wa shule ya zamani, wanaandika Kifaransa, tena kwa mwandiko wa kujificha. Katikati ya pande hizo mbili alihitajika mtu, na kwenye usaili Mzee Kamanzi, mkuu wa idara ya madai, aliniuliza swali moja tu: "Wewe Tizedi, Kifaransa iko?" Tizedi ndivyo tulivyoitwa sisi tuliorudi kutoka Tanzania. Nikajibu ipo. Na ilikuwepo kweli: nilijua bonjour, nilijua majina ya mikate, na nilikuwa na kamusi ndogo yenye jalada la bluu niliyoinunua asubuhi ile ile barabarani. Mzee Kamanzi hakuwa na namna ya kunipima, kwa kuwa yeye mwenyewe Kifaransa alikichukia kama watu wanavyochukia mboga fulani, bila kuionja. Akanipa meza karibu na ukuta wa mbao uliotenganisha chumba chake na chetu, mwembamba kiasi kwamba nilimsikia hata akikunja gazeti.

Aliyejua Kifaransa cha kweli alikuwa Mama Espe, mtunza mafaili, mwanamke wa makamo aliyesomeshwa na watawa. Kampuni ilipogeuza lugha, yeye alisukumwa kwenye chumba cha mafaili pamoja na makabati, na kazi iliyobaki mikononi mwake ilikuwa kupiga muhuri wa "tafsiri sahihi" kwenye kurasa zangu. Alipiga bila kusoma. Nilidhani ni heshima. Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kwamba ulikuwa mgomo. Mchana tulikwenda pamoja kula melanje, chakula cha kujipakulia ambapo unalipa sahani moja na unaruhusiwa kupakua mara moja tu, na ndiyo maana watu wazima wenye tai hujenga pale milima ya wali, maharage, viazi, ndizi, sombe na tambi, kipande cha nyama kikiwekwa kileleni. Mama Espe alijenga sahani kwa utulivu wa mwashi. Mimi nilikuwa napakua nikitembea, nakula nikitembea, na nusu ya maharage yangu huanguka. "Kaa chini, sha," aliniambia siku moja. "Unakula kama mtu aliyeiba." Hakujua alivyoukaribia ukweli.

Faili la Keza lilikuja msimu wa mvua. Mama yake alikuwa kwenye ushirika wa wauza vitenge ambao ulikuwa umekata bima kwetu kwa ajili ya wanachama na watoto wao. Mtoto alikuwa na miaka minane, ameugua koo mara mbili tatu, akapona, halafu asubuhi moja akaamka mtu mwingine: anaosha mikono mpaka inachubuka, anaogopa chakula, shingo inaruka yenyewe. Daktari aliyemwona aliandika kurasa mbili nzuri za kuomba kampuni igharamie kulazwa kwake na dawa moja ya kudungwa mshipani, inayotengenezwa kutokana na damu ya watu wengi na kuagizwa kutoka nje. Haya yote nayajua leo. Siku ile nilichoona ni kurasa mbili za Kifaransa na saa sita inakaribia. Daktari alikuwa ameandika "angine" ya kurudiarudia, na kwao neno hilo ni maradhi ya koo. Mimi nikaliona linafanana sana na neno la Kiingereza la maumivu ya moyo, nikaliweka hivyo. Mstari uliofuata ulikuwa na "tics" shingoni. Kamusi ya bluu haikuwa na neno hilo. Lakini Kiingereza changu cha chuo kiliniambia kwamba daktari amekosea tahajia ya "ticks", yaani kupe, yule mdudu anayeng'ang'ania ng'ombe, amesahau herufi k. Nikamsaidia. Nikaongeza k kwa moyo mkunjufu, nikapeleka muhuri ukapigwa, nikaenda kula.

Alasiri nikamsikia Mzee Kamanzi nyuma ya ukuta akimsomea mtu kwenye simu. "Mtoto ya miaka minane. Ana maumivu ya moyo, na kupe mingi kwenye shingo. Mingi, bwana. Ndiyo, Masaka. Wanafuga." Kimya. "Mimi pia nasema hivyo. Hiyo ni mambo ya ng'ombe." Barua iliyotoka siku ile niliiandika mimi, kwa Kiingereza safi: kampuni haitoi kibali kwa sasa, familia ilete cheti cha ofisa wa mifugo kuthibitisha kwamba chanzo cha kupe kimeondolewa nyumbani, pamoja na kipimo cha moyo. Nakumbuka niliridhika na neno "chanzo". Mpaka leo sijui binadamu anapata wapi uwezo wa kuridhika na neno wakati kila kitu kilicholizunguka ni upuuzi.

Wiki kadhaa zikapita. Mwaka ule nilihama chumba mara tatu, Gikondo, Remera, kisha Gikondo tena, kila mara nikiwa na hakika kwamba tatizo ni mwenye nyumba. Jioni nilitembea milima ya mji huu kupanda na kushuka bila safari, nikitunga kichwani insha ambazo sikuziandika. Nilikuwa na woga usio na jina, kama mtu aliyetoka nyumbani akijiuliza kama amezima jiko. Siku moja Mzee Kamanzi akagonga ukuta kwa kalamu, ndivyo alivyotuita, akaniambia nipande pikipiki niende Masaka, pembeni mwa mji wa Kigali, nikahakiki. "Huyo mama anasema iko na vyeti yote. Enda uangalie kama ni kweli, turudishe faili. Na usikunywe maziwa yao ukasahau kazi."

Nyumba ilikuwa ya matofali mapya, haijapigwa lipu, mbele shamba dogo la maharage, pembeni banda la ng'ombe. Banda lilikuwa tupu na limefagiliwa. Mama Keza alinipokea kwa heshima ambayo ingenifaa kama ningekuwa askofu, akanikalisha kwenye kiti pekee chenye mto, akaleta bahasha. Ndani kulikuwa na cheti cha daktari wa ng'ombe, cheti cha moyo kinachosema moyo wa mtoto ni mzima, na karatasi ya mauzo. "Ng'ombe nilimuuza," akasema. "Mwalimu wa hapo jirani alinisomea barua yenu. Akasema ofisi inasema ng'ombe ndiye anapa mtoto ugonjwa. Nikasema basi, aende." Nikauliza, kwa sauti ya kikazi niliyokuwa nayo siku zile, kupe wa kwanza alionekana lini kwenye shingo ya mtoto. Akanitazama. "Mie sijaona kupe. Nimemutafuta mwili yote kwa taa. Nikajua ninyi mumeona kwa mashini ya daktari."

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha ndani, mikono ameinyoosha mbele mbali na mwili, kama mtu aliyetoka kupaka rangi. Mikono ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Kila baada ya muda shingo ilirushwa upande wa kushoto, mara moja, mara tatu, kisha inatulia. Nikataka kumsalimu. Akarudi nyuma hatua mbili. "Ulikuja na moto?" akaniuliza, maana moto ndivyo tunavyoziita pikipiki za abiria hapa. Nikasema ndiyo. "Ulivaa kofia yao?" Nikasema ndiyo. "Watu wangapi walivaa mbele yako?" Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo, na tangu siku ile sijaacha kulifikiria. Mama yake akacheka kidogo kuficha aibu, akaniambia hivyo ndivyo alivyo sasa, anauliza kama polisi. Akaleta sahani: boga lililopikwa na maharage kwa ajili yangu, na kwa ajili ya mtoto ndizi mbivu mbili ambazo hazijamenywa na karanga ndani ya maganda yake. Nikauliza kwa nini. "Anakula kitu yenye ilikuja na nguo yake," Mama Keza akasema. "Ndizi, yai, karanga. Kitu ya sufuria hapana." Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Na maziwa. Maziwa alikuwa anakubali, kama amesimama pale akaona yanatoka kwa ng'ombe yanaingia kwa kikombe yake mwenyewe. Ya dukani hataki. Sasa ndizi imebaki."

Nilikuwa na boga mdomoni. Nilimeza kwa shida, nikageuza uso dirishani, na dirisha lilitazama banda. Nimewahi kusoma waandishi wakieleza namna hatia inavyoingia mwilini, kama baridi, kama jiwe. Yangu iliingia kama boga. Nikasikia mtoto akisema kwa upole, kwa Kiswahili cha shule, akinisahihisha kama mwalimu anayemhurumia mjinga: "Sio kupe, mjomba. Ni shingo inapiga chafya." Nikamuuliza chafya vipi. Akafikiri, shingo ikaruka, akangoja imalize. "Wewe chafya ikija unaweza kuishika kidogo, halafu inatoka. Si wewe unataka. Ni pua inataka. Mimi ni shingo."

Nilirudi mjini nikiwa nimevaa kofia ya pikipiki juu ya leso, nikamkuta Mama Espe kwenye chumba chake cha makabati akila mkate na chai. Nikaweka ripoti ya daktari mbele yake, kidole kwenye neno. Alivaa miwani, akasoma mstari, kisha akasoma tafsiri yangu iliyobanwa nyuma yake na muhuri wake juu. Alianza kucheka polepole, mabega yakitikisika, mpaka akalazimika kuweka kikombe chini. "Kupe," akasema. "Mana yanjye, Mungu wangu, kupe. Na koo umeligeuza moyo." Akafuta machozi. Nikamwambia habari ya ng'ombe. Nikamwambia kuhusu ndizi. Kicheko kikaisha kama kilivyoanza, polepole, na akaweka kidole juu ya muhuri. "Huo ni mkono wangu," akasema. "Nilikuwa napiga nikiwa na hasira, kila siku. Nikasema waendelee na Kiingereza yao, tuone." Ndipo akanifundisha neno lenyewe, kwamba tics ni misuli inayoruka bila kuamriwa, na tukakaa mchana mzima tukizisoma kurasa mbili upya, yeye akieleza, mimi nikiandika, na hilo ndilo somo langu la kwanza la Kifaransa.

Tafsiri mpya niliipeleka kwa Mzee Kamanzi nikiiita "toleo lililoboreshwa". Sikuwa na ujasiri wa kuiita jina lake. Alisoma akitembeza kidole. "Kupe imekwenda wapi?" Nikasema imehakikiwa, haipo. "Moyo?" Nikasema ni koo. Akaamua kwamba mambo ya Kifaransa yana tabia ya kubadilikabadilika, akaendelea. Akafika kwenye jina la ugonjwa na kidole kikasimama. Daktari alikuwa ameandika neno moja refu lililounganisha mambo mawili, neva na akili, bila nafasi katikati. "Hili neno lina vichwa mbili," akasema. "Neva tunalipa. Akili hatulipi, imeandikwa kwenye mkataba, ukurasa ya nne. Sasa hii, daktari amesema ni gani?" Nikasema daktari anasema ni ugonjwa mmoja, unaanzia kooni, mwili unapigana na wadudu wa koo na kwa makosa unapiga ubongo. "Mimi sikuuliza ugonjwa. Nimeuliza neno." Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu wote ulipokuwa. Alikuwa na watoto watano na picha zao juu ya meza. Alikuwa anatafuta kwa dhati mahali pa kukata neno lile. Akanirudishia karatasi. "Enda uangalie vizuri. Kesho niletee daktari anasema nini."

Kesho yake nilimletea nusu ya neno. Niliacha neva, nikafuta akili. Mikono na chakula nikaviweka ndani ya sentensi ndefu iliyoanza na kuvimba kwa ubongo, ambayo mpaka msomaji afike mwisho wake atakuwa amesahau alikoingilia. Ulikuwa uongo wa nusu neno. Nikampelekea Mama Espe apige muhuri, na kwa mara ya kwanza alisoma kila mstari kabla ya kupiga. Akashika muhuri. "Kifaransa yangu imezeeka," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje ya mlango. "Sikuona kitu." Akapiga. Siku mbili baadaye kibali kikatoka, na nilipompelekea Mama Keza nikamweleza kupe walikotoka na neno nililofuta. Keza akalazwa, akapata dawa, akapata na ya koo ya kutumia kwa muda mrefu. Hakupona kwa siku moja kama alivyougua. Ilichukua miezi, akarudi nyuma, akaenda mbele, na shingo yake, mama yake ananiambia, hupiga chafya mpaka leo akichoka. Lakini siku moja kabla ya mwaka kuisha Mama Keza alipanda mpaka ghorofa ya tatu akihema, akasimama mbele ya meza yangu, akasema mbele ya watu wote: "Bwana Kupe, jana amekula maharage ya sufuria." Kisha akashuka ngazi. Alikuwa amekuja kwa hilo tu.

Kama ningekuwa mwandishi mwenye akili ningeishia hapo. Lakini mwaka haukuishia hapo. Likaja faili la mtoto mwingine, ugonjwa ule ule, daktari yule yule, na safari hii ripoti ilikuwa kwa Kiingereza, neno likiwa na vichwa vyote viwili. Mtu wa makao makuu akalinganisha mafaili. Sikufukuzwa. Nilisikia nyuma ya ukuta Mzee Kamanzi akinitetea: "Kijana alichanganya, Kifaransa ni ngumu." Badala yake akaniita, akafunga mlango ambao kwa kawaida hakuufunga, akasema makao makuu wanataka kifungu kipya kwenye mkataba, kisicho na mwanya, kwa lugha zote, na kiandikwe na mtu anayejua mwanya ulikuwa wapi. Hakutabasamu. Ningeweza kukataa. Ningeweza angalau kukiandika vibaya, kukiachia tundu dogo la mtu mwingine kupenya. Nilikaa siku tatu nikizunguka meza, na siku ya nne nikakiandika vizuri kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kuandika. Koo, ghafla, mwendo, tabia, neva, akili, au vyote viwili. Niliziba kila mahali, kwa sababu nilikuwa napajua kila mahali. Mtoto wa faili la pili akanyimwa kwa sentensi hiyo. Mwisho wa mwezi nikaacha kazi, nikajiambia ni kwa sababu ya dhamiri, ingawa mkataba wangu ulikuwa unaisha wiki ile ile. Kampuni nyingine zikanakili kifungu, kama wanavyonakiliana. Vitabu vyangu vimechapwa nakala chache na vinasinzia madukani. Sentensi ile moja imesomwa na wazazi nisioweza kuwahesabu, na wote waliisoma mpaka mwisho.

Wakati wa chai, kwenye ua wa ule ukumbi, nilimwambia Mama Keza. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikizungusha kikombe, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule sikutafuta neno zuri. "Ile barua aliyosoma fundi. Ile sentensi niliiandika mimi. Baada ya Keza." Nilidhani atapaza sauti. Akavaa miwani yake, akanitazama kana kwamba nami nimeandikwa kwa herufi ndogo. "Baada ya Keza," akarudia. Mtu akaomba sukari, akapewa. "Mie nilimuuza ng'ombe kwa neno lako," akasema mwishoni. "Halafu mtoto akapona kwa neno lako. Nikakusamehe ya ng'ombe, sikukuambia, lakini nilikusamehe. Hii ingine si yangu ya kusamehe." Akaelekeza kidevu kwa fundi, aliyekuwa peke yake kwenye kona, akijaribu kurudisha barua kwenye bahasha. "Ni ya ule. Enda. Na hiyo kanuni yao unatafusiri, ufute ile maneno weye mwenyewe, na mukono wako."

Kifungu cha saba cha rasimu kinafanya hivyo hasa: kinabatilisha masharti yote ya namna ile, yameandikwa kwa maneno yoyote. Nimekitafsiri mara sita. Kanuni haijatiwa saini, inaweza kupita, inaweza kulala kwenye droo, na mimi nimehamisha meza yangu ya kazi kutoka dirishani kwenda ukutani na kuirudisha. Mwishoni mwa rasimu kuna orodha ya istilahi inayonitaka nitoe Kiswahili cha "tics", lile neno la daktari. Mtu wa kamati ya rasimu amenipendekezea maneno manne mfululizo yanayoanza na "mtukutiko wa misuli", yote sahihi, yote hayawezi kutoka mdomoni mwa mtoto. Nilikuwa nimeandika "chafya ya shingo". Akarudisha ukurasa na swali pembeni: "Chanzo?" Neno langu lile la zamani. Nikajibu: Masaka.

Siku ile uani nilimfuata fundi. Nilijitambulisha, nikamwambia nilichoandika na lini, na alinisikiliza akiwa ameshika bahasha kwa mikono miwili. Sikumwomba radhi, kwa kuwa sikuona angeiweka wapi. Nikamuuliza mtoto wake mwenyewe anaiitaje, ile hali inapomjia. Alinitazama kama mtu aliyewahi kuulizwa kila kitu isipokuwa hicho. Akaguna. "Anaita shoti," akasema. "Anashinda na mimi gereji, bosi. Anasema, baba, waya zimegusana tena, ngoja." Nikaomba kalamu, kwa sababu mwandishi huyu hakuwa na kalamu, akanipa yake yenye grisi. Sasa orodha yangu inasomeka hivi: chafya ya shingo, tazama pia, shoti.